Jinsi ya kumsaidia mtafiti Mwafrika apate uprofesa msaidizi Marekani

Mwongozo huu nawaandikia walezi: wakuu wa maabara, maprofesa, na Waafrika Mashariki wenzangu mliotangulia kupata ajira katika vyuo vikuu vya Marekani. Karibu na kila mmoja wetu yupo mtafiti aliyemaliza uzamivu, anafanya kazi katika maabara ya mtu mwingine, na anatamani siku moja awe na yake. Mimi ni mwanabaiolojia katika chuo cha umma, na nimekaa upande wa pili wa meza, kwenye kamati za ajira. Ninachoeleza hapa kinahusu zaidi sayansi za uhai na tiba, ambako vijana wetu wengi wapo.

Vijana hawa hawana upungufu wa akili wala wa machapisho. Wanachokosa ni habari zinazopita mdomo kwa mdomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba asilimia 80 ya wahadhiri waliopata uzamivu humo humo Marekani walitoka katika asilimia 20 hivi ya vyuo. Aliyelelewa katika vyuo hivyo huzisikia habari hizi akiwa anasubiri kahawa. Aliyeanzia Sokoine au Makerere, akaja akasoma katika chuo kisicho na jina kubwa, hatazisikia mpaka mtu aamue kumwambia.

Hatua ya 1: Gawaneni mradi, na mwandike

Anza miaka miwili kabla hajaomba kazi. Swali la kwanza la kamati yoyote ni hili: kipi ni chako, na kipi ni cha bosi wako? Mtafiti asiye na jibu huanguka hapo hapo, hata kama makala zake ni nzuri.

Ikiwa wewe ndiye mkuu wa maabara, fungua mazungumzo wewe. Usimngoje yeye. Mtu aliyelelewa kumheshimu mkubwa ataona haya kusema "hiki nitaondoka nacho". Andikeni ukurasa mmoja: maswali atakayoyachukua, yatakayobaki kwako, na sampuli, panya au data atakazoruhusiwa kuhama nazo. Mtumie kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu. Ikiwa wewe ni kaka au dada tu wa pembeni, msaidie kuandika ombi lenyewe: "Profesa, naomba nusu saa tuzungumzie sehemu ya mradi nitakayoiendeleza nikiwa na maabara yangu." Hakuna utovu wa adabu ndani yake.

Hatua ya 2: Apate ruzuku yenye jina lake

Katika tiba na baiolojia, ruzuku inayofungua milango zaidi ni K99/R00 ya Taasisi za Taifa za Afya, NIH. Humlipa hadi miaka miwili akiwa bado chini ya mlezi, kisha hadi miaka mitatu akiwa na maabara yake. Kamati hupenda mtu anayekuja na fedha. Vijana wengi hawajui mambo mawili: asiye raia anaruhusiwa kuiomba, na kwa kawaida mwisho wa kuomba ni kabla hajatimiza miaka minne ya utafiti wa baada ya uzamivu. Saa hiyo inakimbia tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mwambie mwaka wa kwanza, si wa nne. NIH ilikuwa pia na tawi lililolenga watafiti wa makundi yenye uwakilishi mdogo, MOSAIC, lakini lilifungwa mwaka 2025. Kabla hajaanza kuandika, msome pamoja tangazo la sasa, maana masharti yamekuwa yakibadilika.

Usimfiche ukweli kuhusu uwanja anaoingia. Uchambuzi uliotoka katika jarida la Science mwaka 2011 ulikuta kwamba waombaji weusi walikuwa nyuma ya weupe kwa takriban pointi 10 za asilimia katika kupata ruzuku za NIH, hata baada ya elimu na machapisho kuzingatiwa. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba sehemu ya pengo hilo inatokana na mada: waombaji weusi huchagua zaidi utafiti wa jamii na wa tofauti za kiafya, na mada hizo hupata fedha kidogo. Mimi simshauri mtu aache mada aipendayo. Namshauri aandike lengo la kwanza la mradi likiwa na utaratibu wa kibaiolojia unaopimika, kisha jamii iingie kwa nguvu katika lengo la pili na la tatu. Msomaji anayependa molekuli atakuwa ameshavutwa ndani.

Hatua ya 3: Mpe kalenda

Matangazo mengi ya kazi hutoka Agosti hadi Oktoba. Usaili wa Zoom huangukia Novemba hadi Januari, ziara za chuoni Januari hadi Machi, na ofa hufuata. Anayeanza kuandika Septemba amechelewa.

Hatua ya 4: Mpe nyaraka zako mwenyewe

Barua ya maombi, wasifu, mpango wa utafiti wa kurasa tatu hadi tano, na maelezo ya ufundishaji. Maelezo ya mtandaoni yapo tele, lakini hakuna yanayoshinda nyaraka halisi zilizompa mtu kazi. Fungua folda yako umtumie zote, pamoja na zile zilizokataliwa. Kuhusu maelezo ya uanuwai, yaani ukurasa wa jinsi atakavyowasaidia watu wa asili mbalimbali chuoni, siku hizi aangalie kila tangazo: chuo cha MIT kiliacha kuyadai mwaka 2024, na sheria ya Texas imeyazuia katika vyuo vya umma.

Hatua ya 5: Andika barua ya mapendekezo inayoonyesha mwanasayansi

Hapa ndipo sisi wenyewe tunawaumiza vijana wetu tukidhani tunawasifu. Tunaandika: "Ana nidhamu, mchapakazi, mnyenyekevu, anashirikiana vizuri na wenzake." Nyumbani hizo ni sifa kubwa. Kwenye kamati ya Marekani, barua hiyo inamwelezea msaidizi mzuri wa maabara.

Uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za walioajiriwa katika shule moja ya tiba ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2003, uliona kwamba barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi na zilitaja bidii mara nyingi zaidi kuliko za wanaume. Kwa hiyo isome barua yako tena huku ukitafuta neno "bidii". Kila ulipoliandika, weka tendo. Badala ya "alifanya kazi kwa bidii kwenye mradi wa malaria", andika swali alilouliza yeye ambalo wewe hukuwa umeliwaza, jaribio alilolibuni kulijibu, na kilichobadilika katika maabara baada ya hapo. Kisha sema wazi kwamba mradi huo ni wake na hutashindana naye. Sentensi hiyo moja huiondolea kamati hofu kubwa.

Mwombe pia atafute mwandishi mmoja aliye nje ya chuo chenu. Mtambulishe wewe, kwenye mkutano, ana kwa ana.

Hatua ya 6: Mfanyishe mazoezi ya ubaoni

Katika ziara ya chuoni mgombea hutoa mhadhara wenye slaidi, na huo wengi huuweza. Baadaye huingizwa katika chumba kidogo chenye ubao, bila slaidi, aeleze kwa takriban saa nzima maabara yake itafanya nini miaka mitano ijayo. Maprofesa humkatiza wapendavyo. Wengi hawajawahi hata kukiona kikao hiki, maana huwa cha wahadhiri peke yao.

Kusanya watu watatu, mmoja awe wa fani nyingine kabisa. Mpe kalamu ya ubao na dakika tano za kuchora: swali kuu juu, malengo matatu chini, mchoro wa jaribio la kwanza pembeni. Kisha mkatizeni. "Lengo la kwanza likifeli, la pili litasimama?" "Bosi wako naye si anafanya hivi hivi?" "Ruzuku ya kwanza utaomba wapi, na kwa lengo lipi?"

Angalia mkono wake. Kijana wetu akikatizwa na mkubwa hushusha kalamu, hunyamaza, humwacha amalize hata anapokosea. Ni adabu, lakini wale watauona ukimya huo kama kutojua. Mfundishe kusema, "Nitalijibu hilo nikimaliza mstari huu," huku mkono ukiendelea kuchora. Rudieni mpaka sauti isitetemeke. Lafudhi yake iacheni ilivyo.

Hatua ya 7: Chunguzeni viza mapema

Mtafiti mwenye J-1, viza ya wageni wa mabadilishano ya kitaaluma, ana ukomo wa miaka mitano. Angalieni kwenye viza yake na fomu ya DS-2019 inayoambatana nayo kama ana sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. Likiwapo, hawezi kupata H-1B, viza ya kazi, kabla ya kulitimiza au kusamehewa sharti hilo, na msamaha huchukua miezi. Vyuo vikuu haviingii kwenye ukomo wa idadi ya H-1B wa kila mwaka, ila tangazo la Septemba 2025 liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya Marekani. Aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kununua tiketi ya kwenda likizo.

Hatua ya 8: Kaa naye ofa ikifika

Siku hiyo ashukuru tu, asisaini. Mwonyeshe barua yako ya ofa na bajeti uliyoomba, namba zote. Andikeni orodha: vifaa na bei zake, mishahara ya wanafunzi na fundi wa maabara, mshahara wa miezi ya kiangazi ambayo mkataba wa miezi tisa haulipi, na mwaka wa kwanza wenye vipindi vichache. Vyuo hutegemea kwamba ataomba. Asipoomba, hakuna atakayemkumbusha. Na aombe iandikwe kwenye barua yenyewe kwamba chuo kitamdhamini apate ukaazi wa kudumu. Njia maalumu ya ukaazi waliyowekewa walimu wa vyuo hutaka maombi yawasilishwe ndani ya miezi 18 tangu alipochaguliwa. Ukipita muda huo, chuo hulazimika kuitangaza upya nafasi ambayo yeye tayari ameikalia.