Tamasha liko Kigali, maandalizi yako Kigoma

Tamasha la Uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma tunalijua. Unafika getini jioni, unatoa noti, unachaniwa tiketi, unaingia. Kikikosekana kitu, unaongea na mtu. Kijana wa getini anatoka Gungu, mama yake mnafahamiana, jambo linaisha. Kwenye kumbi za kisasa mazungumzo hayo hayapo. Mashine inasoma tiketi yako, kizuizi kinafunguka au hakifunguki, na nyuma yako wamesimama watu mia wanaosubiri zamu. Kila ambalo ungelimaliza kwa maneno pale mlangoni, limalize nyumbani Mwanga au Ujiji kabla hujabeba begi kwenda Stendi ya Masanga.

Nitasema zaidi habari za BK Arena ya Kigali, maana kwetu ndiyo iliyo jirani. Ilifunguliwa mwaka 2019 ikiitwa Kigali Arena, ikapewa jina la sasa mwaka 2022, na inaingiza watu wapatao 10,000. Iko Remera, kando ya Uwanja wa Amahoro. Kendrick Lamar aliimba pale Desemba 2023, John Legend Februari 2025. Kwenda Dar kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Kigali unapita Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, unavukia Rusumo, na safari yote ni karibu nusu ya hiyo. Kwa hiyo kijana wa Kigoma anayetaka kuona jukwaa kubwa kwa macho yake ana sababu nzuri ya kuelekea kaskazini.

Anza na hati. Kitambulisho cha NIDA peke yake kisikudanganye, nenda Uhamiaji mapema ukachukue pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Pale Rusumo forodha na uhamiaji wa nchi zote mbili wako kituo kimoja, unamalizana nao bila kupanga foleni upande huu na kuirudia upande wa pili.

Tiketi ndiyo inayowaangusha wengi. Nilipokwenda, mbele yangu alikuwa dada mmoja aliyelipa pesa yake halali kabisa, lakini kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka pembeni, na ufa ulipita juu ya kona ya msimbo wa QR, ule mchoro wa vimraba vyeusi na vyeupe ambao mashine inausoma. Akageuza simu huku, akaigeuza kule, akaifuta kwa kitenge, skana ikabaki kimya. Ukiutazama msimbo ule utaona vimraba vitatu vikubwa kwenye kona tatu. Vimraba hivyo ndivyo ambavyo mashine huvitafuta kwanza ili ijue wapi ni juu na wapi ni chini. Sehemu nyingine za msimbo zinaweza kuharibika kiasi, hata kufikia asilimia 30 ikitegemea ulivyotengenezwa, na bado ukasomeka. Kona ikifichwa, kazi imekwisha. Yule dada aliokoka kwa sababu mwenzake alikuwa na nakala kwenye simu yake. Basi pakua tiketi ukiwa bado Kigoma, mtumie unayesafiri naye nakala, na chapisha moja kwenye karatasi pale stationeri kama tiketi yenyewe inaruhusu. Ukifika mlangoni ongeza mwanga wa simu hadi mwisho. Ziko tiketi ambazo msimbo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache ili watu wasiuziane picha. Hizo hazikubali nakala, lazima ufungue programu yenyewe, kwa hiyo hakikisha umeshaingia kwenye akaunti na nywila unaikumbuka. Usitegemee kufungua vitu hivyo ukiwa nje ya ukumbi, kwani maelfu ya simu zikikusanyika eneo moja mtandao unakaba hata kwa mwenye bando la kutosha.

Pesa nayo ina mambo yake. Kumbi hizi zimejengwa kwa malipo ya kadi na ya simu, na noti zako za elfu kumi kumi hata ukizibadilisha kuwa faranga zinaweza zisikununulie chupa ya maji ndani. Pesa uliyonayo kwenye laini ya Tanzania usidhani itamlipa muuzaji wa Rwanda moja kwa moja. Kadi ya benki ndiyo njia nyepesi, hasa ile yenye alama ya vimawimbi vinne, ambayo unaigusisha tu kwenye mashine. Ila pita benki kwanza waifungulie matumizi ya nje ya nchi na malipo ya mtandaoni. Hapa mimi niliumia. Kadi ilikuwa sawa na salio lilikuwepo, lakini benki ilituma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya nyumbani, na laini hiyo sikuwa nimeiwezesha kufanya kazi nje ya nchi. Ujumbe niliupata siku ya pili, tulipovuka kurudi Rusumo. Usiku ule hata maji ya kunywa nilinunuliwa na wenzangu. Kwa hiyo piga simu kwa mtandao wako kabla ya safari, waulize gharama, na laini ya Tanzania isitoke kwenye simu hata ukinunua ya kule.

Saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ndugu zetu wa Manyovu wanalijua hili, simu ikinasa mtandao wa Burundi saa inarudi nyuma yenyewe. Tiketi ikiandika 18:00 ni saa kumi na mbili jioni ya Kigali, na huku Kigoma ni saa moja. Wakati wa kwenda hakuna hasara, ukifuata saa ya nyumbani unafika mapema tu. Hasara iko kwenye kurudi. Simu iliyobaki na saa ya Kigali itakuambia basi la upande wetu bado saa nzima, kumbe linaondoka.

Sasa masikio, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa wengi hulichukulia kama jambo la wazee. Spika za kumbi hizi hazipasui sauti kama zile za kwetu zinazokwaruza, na kwa sababu sauti ni safi huoni kama ni kubwa. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli 85 sikio linazivumilia kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo unakatika nusu, hivyo ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na watu wapatiwe vizibo vya masikio na sehemu tulivu ya kupumzika. Vizibo ni vidogo, vinakaa mfukoni, na muziki unaendelea kuusikia. Pamba haisaidii kitu cha maana. Usisimame mbele ya spika, na toka nje dakika chache kila baada ya muda. Mvumo unaosikia masikioni usiku ukilala ni dalili kwamba sikio limezidiwa, na vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena.

Mwenye kifafa, au anayesafiri na mwenye kifafa, aulize kuhusu taa za kumwekamweka kabla ya kununua tiketi. Zikianza ghafla, ageuke pembeni na kufunika jicho moja kabisa kwa kiganja. Na usiielekeze kamera ya simu kwenye miale ya leza, inaua kamera.

Ukivalishwa bangili mlangoni usiikate wala kuilegeza. Ndani yake mna chipu isiyo na betri, inayopata nguvu kutoka kwenye mashine inayoisoma, na mara nyingi ndiyo tiketi yako ukitoka na kutaka kurudi.

Mengine ni madogo. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Bodaboda wa Kigali habebi mshikaki, abiria ni mmoja na kofia ngumu ni lazima. Magari yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kwanza kushoto. Beba sweta, Kigali iko juu sana kuliko ziwa letu na usiku baridi inauma. Chaji simu hadi ijae.

Na mkubaliane mahali pa kukutana muziki ukiisha, mkiwa bado mna mtandao. Sisi tuliteua nguzo ya taa ya pili kutoka geti tuliloingilia. Watu walipomwagika nje simu zote zilikuwa hazishiki. Binamu yangu nilimkuta pale pale kwenye nguzo, amejifunika kitenge kichwani kwa baridi, viatu ameshika mkononi.