Kabla hujanunua sufuria kubwa ya kupikia bia nyumbani

Mtu akishazoea kupika bia lita kumi kumi kwenye sufuria ya jikoni, kinachofuata kinajulikana: anaanza kuulizia bei za sufuria za lita 40. Bei yenyewe mara nyingi hainishtui. Shida ni kwamba sufuria kubwa haiji peke yake. Inadai moto wake, namna yake ya kupozwa na mtu wa kuibeba. Ndiyo maana ningekagua hayo kwanza, na sufuria ningeinunua mwisho.

Anza na hesabu ya ujazo. Huko Marekani, ambako upishi huu wa nyumbani umeota mizizi, vipimo vingi huandikwa kwa galoni 5, yaani lita 19 za kuchachusha. Lakini huwezi kuanza na lita 19. Katika saa moja ya kuchemka, lita 3 au 4 huondoka na mvuke. Lita kama 2 hubaki chini pamoja na machicha ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), na maji ya kimea, yaani yale matamu yaliyolowekwa kimea, yakipoa hupungua asilimia 4 hivi. Kwa hiyo unaanza na lita 26 hivi. Hapo sufuria ya lita 30 inaonekana kutosha, na ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu yanapoanza kuchemka, povu hupanda ghafla kama maziwa na kumwagikia jiko. Chukua ya 38 au 40. Kama unaloweka kimea kwenye mfuko ndani ya sufuria hiyohiyo, ongeza nafasi ya kimea chenyewe na ya maji kitakayonyonya, takriban lita moja kwa kila kilo. Kwa bia kali yenye kilo 7 za kimea, hata 40 itajaa hadi karibu na ukingo, afadhali 55.

Sasa moto, maana hapa ndipo penye mtego. Kugeuza lita 4 za maji kuwa mvuke kwa saa moja kunahitaji kama kilowati 2.5, bila kuhesabu joto linalopotea pembeni. Jiko dogo la umeme la wati 1,500 haliwezi, hata ungelisubiri hadi jioni. Litayafikisha kwenye kutokota tu, na bia ya kimea cheupe isiyochemka vizuri inaweza kubaki na harufu ya mahindi ya kopo. Jaribio ni rahisi: weka lita 10 za maji kwenye sufuria uliyonayo, shika saa hadi yachemke, kisha zidisha muda huo kwa 2.6. Ukipata zaidi ya saa moja na nusu, tatizo lako ni jiko. Jiko la kioo nalo lina ukomo wa uzito, na sufuria pana kuliko duara la moto inaweza kurudisha joto kwenye kioo hadi kikapasuka. Wengi huishia kununua jiko kubwa la gesi la kuwekwa nje. Narudia, nje. Si gereji, si kibarazani palipozibwa. Gesi ya kaboni monoksidi inaua, na haina harufu.

Lita 26 pamoja na sufuria yenyewe zinavuka kilo 30, tena za kitu kinachounguza. Usipange kuinyanyua. Nunua yenye koki chini, na uhakikishe koki hiyo inafunguka vipande vipande, kwa sababu uchafu hujificha ndani ya gololi yake. Koki iliyobanwa kwa nati na mpira haina ubaya. Ijaribu kwa maji usiku mzima kabla ya siku ya kupika.

Kupoza ndiko watu husahau. Sufuria ndogo uliitumbukiza kwenye sinki la barafu ukamaliza. Hii kubwa haingii sinkini, hivyo utahitaji koili ya shaba ya kupitishia maji baridi ndani ya sufuria, na bomba ambalo mpira wako unaingia. Pima pia nafasi iliyo chini ya bomba la jikoni, maana kuna siku utataka kuiosha.

Kuhusu malighafi sina ubishi mrefu. Chuma cha pua hudumu na hukubali sabuni yoyote. Aluminiamu ni nafuu, nyepesi, na hupitisha joto vizuri zaidi. Ichemshe kwa maji matupu kwanza ili ijitengenezee utando, halafu usiisugue hadi ing'ae wala kuiosha kwa dawa kali za magadi. Sufuria za pilau la harusi nazo ni aluminiamu, ila mdomo wake ni mpana mno: mvuke mwingi utatoka kuliko ulivyopanga. Tafuta yenye kimo kinachozidi upana kidogo.

Ukihamia kwenye kuchemsha ujazo wote badala ya kuongeza maji mwishoni, hopsi zitatoa uchungu zaidi kwa kipimo kilekile, kwa kuwa maji ya kimea si mazito tena. Punguza kidogo mara ya kwanza, uonje.

Na kabla ya kuota ukubwa zaidi, angalia sheria. Shirikisho la Marekani huruhusu kaya yenye watu wazima wawili au zaidi kupika galoni 200 kwa mwaka, kaya ya mtu mzima mmoja 100, bila kuuza. Majimbo ya mwisho kukubali, Alabama na Mississippi, yalikubali mwaka 2013. Ulipo wewe, ulizia kwanza.

Sufuria ya zamani usiigawe. Itachemsha maji ya kusuuzia kimea wakati ile kubwa iko kazini.