SOMO: Kutoa riwaya yako mwenyewe, toka rasimu iliyokwama mpaka kitabu mkononi

Habari zenu wakuu. Wengi mmekuwa mkiuliza namna ya kutoa riwaya bila kupitia kampuni ya uchapishaji, na nikiyaangalia maswali yenyewe karibu yote yanarukia jalada na mauzo wakati hadithi imekwama sura ya saba. Kwa hiyo somo hili litakaa zaidi kwenye KUMALIZA, maana riwaya nyingi zinafia huko. Mambo ya mafaili na ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) yana maelekezo yake, ukiyafuata yanaisha, lakini kumaliza hakuna atakayekufanyia.

HATUA YA 1: Jua unaelekea wapi

Huhitaji mpango wa kurasa ishirini. Andika mambo matatu tu kwa sentensi za kawaida: mhusika wako mkuu anataka nini, nini kinamzuia, na mwisho anakipata au anakikosa na kinamgharimu nini. Hilo la tatu ndo watu wanalikwepa, wanasema mwisho utajileta wenyewe, halafu wakifika katikati wanaanza kuongeza wahusika wapya kila sura ili mradi hadithi isisimame, mara mjomba katokea, mara barua ya siri, na msomaji anaona kabisa kwamba mwandishi hajui anapokwenda. Mwisho unaweza kuubadilisha baadae, hakuna ubaya, ila uwe nao.

HATUA YA 2: Rasimu ya kwanza, na usirudi nyuma

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndo moyo wa somo lote. Ukiwa kwenye rasimu ya kwanza kazi yako ni kwenda mbele tu. Tuseme umefika sura ya 12 ukagundua kaka wa mhusika ilibidi awe amekufa kabla hadithi haijaanza. Usirudi sura ya 2 kumfuta. Chukua daftari la pembeni andika "kaka alishakufa, rekebisha sura ya 2, 5 na 9", halafu endelea na sura ya 12 kama vile alishazikwa zamani. Ukirudi nyuma kila ukipata wazo jipya, sura ya kwanza itazidi kupendeza na ya mwisho haitakuwepo kabisa. Tena ukifika mwisho utayajua mambo ya wahusika wako ambayo sasa hivi huyajui, kwa hiyo hiyo sura ya kwanza utaiandika upya tu, ule muda wa kuing'arisha mapema umepotea.

Hesabu zake haziogopeshi. Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 2,500, na kwa wiki 20 una maneno 50,000 ambayo ni riwaya kamili. Na msitishike na zile 80,000 au 90,000 mnazozisoma kwenye maelekezo ya Kiingereza, kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa humo humo, hivyo hadithi ile ile kwa Kiswahili inatumia maneno machache zaidi.

Kuna vitu viwili vinasaidia sana. Kwanza usimalizie siku mwisho wa sura, ishia katikati ya tukio ukiwa bado unajua kinachofuata, kesho hutakaa unakodolea ukurasa mtupu. Pili bekapu, na hapa naomba mnielewe vizuri, weka nakala kwenye kifaa chako, nyingine kwenye flashi, nyingine mtandaoni, na kila wiki hifadhi faili jipya lenye tarehe badala ya kuandika juu ya lile lile. Simu inaibiwa na kompyuta inakufa, mswada hautakiwi kwenda nazo.

HATUA YA 3: Iache, halafu uisome kama mgeni

Ukimaliza weka pembeni wiki nne mpaka sita, usiifungue. Ukirudi usiisome kwa muonekano ule ule ulioandikia, iprinti, au badilisha fonti, au simu ikusomee kwa sauti, jicho linapitiliza makosa liliyoyazoea.

Mzunguko wa kwanza ni hadithi tu, herufi iliyokosewa iache. Tengeneza jedwali, kila tukio mstari mmoja: nani yupo, anataka nini, na tukio likiisha nini kimebadilika. Ukikuta tukio ambalo hakuna kilichobadilika, liunganishe na jingine au litoe, hata kama ndo lina sentensi zako nzuri kuliko zote. Najua inauma. Ila msomaji anaweka kitabu chini hapo hapo.

Mzunguko wa pili ni mazungumzo, yasome kwa sauti. Kama bibi wa miaka themanini na kijana wa chuo wanaongea sawa, bado. Wa tatu ndo lugha: upatanisho wa ngeli, l na r, h zinazopotea, "baadaye" na "baadae" ndani ya ukurasa mmoja. Tengeneza orodha yako ya maneno yenye utata uamue mara moja utakavyoyaandika kitabu kizima, pamoja na majina ya watu na umri wao.

HATUA YA 4: Wasomaji wa majaribio, kisha mhariri

Tafuta watu watatu mpaka watano wanaosoma riwaya kweli, sio ndugu wa kukupongeza. Usiwaulize kama ni nzuri. Waulize walichoka ukurasa gani, wapi walilazimika kurudia, na mhusika gani hawakumwamini. Wawili wakigusa sehemu moja basi tatizo lipo, hata kama dawa wanayokupa siyo.

Mhariri yupo wa aina tofauti, wa hadithi anayeangalia muundo, wa lugha anayeangalia sentensi, na msahihishaji wa mwisho anayepita baada ya kitabu kupangwa. Kama hela inatosha mmoja tu mimi nasema mhariri wa lugha, na kabla hujamlipa mwombe akuhariri kurasa tatu au nne uone. Akiigeuza sauti yako ikawa yake, mshukuru utafute mwingine.

HATUA YA 5: Mpangilio wa ndani

Waandishi wa Kiswahili tuna tatizo letu hapa. Programu nyingi za kuandikia zinakuja zimewekwa lugha ya Kiingereza, na ukiruhusu zikate maneno mwisho wa mstari zitakata kwa kanuni za huko, utakuta "nyum-ba" na "sham-ba" kitabu kizima badala ya "nyu-mba" na "sha-mba". Badilisha lugha ya faili iwe Kiswahili, na kama programu yako haina basi zima kabisa ukataji wa maneno. Jingine, ukibadilisha alama za mnukuu kwa mkupuo, ile alama ya ng' nayo inaweza kubadilishwa, ng'ombe wakaharibika wote. Pitia ng' moja moja.

Vichwa vya sura viweke kwa mtindo wa kichwa (Heading) wa programu yako, sio kukoleza wino kwa mkono, kwa sababu yaliyomo ya kitabu cha kielektroniki yanajitengeneza toka hapo. Usisogeze aya kwa kubonyeza nafasi mara tano.

HATUA YA 6: Jalada

Jalada la mbele linaweza kuanza mapema, ila la kuchapa lote (mbele, mgongo na nyuma) usilifunge mpaka idadi ya kurasa iwe ya mwisho, kwa sababu unene wa mgongo unatokana nayo. Mfano kwa karatasi ya krimu ya Amazon KDP (huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu) kila ukurasa ni inchi 0.0025, kwa hiyo kurasa 240 zinakupa mgongo wa inchi 0.6, kama milimita 15. Picha iwe ya dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), na rangi ipite ukingo wa kukatia kwa inchi 0.125. Halafu lipunguze mpaka liwe dogo kama ukucha uone jina linasomeka, maana wengi watakutana nalo kwenye simu.

HATUA YA 7: ISBN na kupandisha

ISBN ina tarakimu 13 tangu 2007, na kila umbo la kitabu linataka yake, cha karatasi nyingine na EPUB (faili la kitabu cha kielektroniki) nyingine. KDP wanatoa ya bure kwa cha karatasi lakini utaitumia kwao tu, ukitaka kuchapa sehemu nyingine tafuta yako kupitia wakala wa ISBN wa nchi yako. Kwa kitabu cha kielektroniki tengeneza EPUB, Amazon wenyewe waliacha kupokea MOBI (aina ya faili ya zamani) kwa vitabu vya maandishi ya kawaida tangu 2021.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nina simulizi nimeipost kwa vipande na watu wameipenda, naweza kuikusanya tu nikaitoa kama riwaya?

Jibu: Unaweza ndugu yangu lakini usiikusanye tu. Vipande vya mtandaoni kila kimoja kinaishia kwenye mshtuko na kinachofuata kinaanza kwa kukumbushia, ukiviunganisha msomaji anapata mshtuko kila kurasa tatu na marudio juu. Toa marudio yote, bakiza mishtuko yenye maana. Na ukiingia mpango wa KDP Select, toleo la kielektroniki halitakiwi kupatikana kwingine kwa siku 90 za mkataba, hata bure, kwa hiyo vile vipande itabidi uviondoe mtandaoni kwanza.

Swali: Naogopa kuwapa watu mswada, wakiiba je? Sijasajili hakimiliki.

Jibu: Dada, kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, na ni nchi nyingi sana, kazi inalindwa tangu ulipoiandika bila kusajili popote. Usajili unasaidia kwenye ushahidi, na yale mafaili yako yenye tarehe nayo yanasaidia. Ila kinacholindwa ni maandishi, sio wazo, kwa hiyo usihubiri hadithi yako yote kabla hujaiandika.

Swali: Nimefuata hatua ya 2 ila nimekwama maneno 30,000, sina hata hamu, nianze nyingine?

Jibu: Usianze nyingine kwanza. Hapo katikati kila mtu panamchosha, na hadithi mpya inavutia kwa sababu bado haijafika katikati yake. Rudi kwenye zile sentensi tatu uulize mhusika wako ana hali mbaya kuliko alivyoanza? Mara nyingi unakuta yuko salama tu, hakuna kinachombana. Mnyang'anye kitu anachokitegemea. Ikishindikana, ruka uandike tukio la mwisho, halafu rudi ujaze katikati.

Swali: Jalada naweza kutengeneza kwa akili mnemba?

Jibu: KDP tangu 2023 wanakutaka utamke wakati wa kupandisha kama maandishi, picha au tafsiri imetengenezwa na akili mnemba. Utamke ukweli. Mimi binafsi napendelea dizaina ambaye amesoma hata sura mbili, anajua mhusika wako anafananaje.

Swali: Prufu ya karatasi (nakala ya kukagua kabla ya kuchapisha) ina ulazima, si nishaiona kwenye skrini?

Jibu: Ina ulazima kabisa. Angalia upande wa ndani kama maneno hayajazama kwenye mshono, kwa kurasa 151 mpaka 300 KDP wanataka angalau inchi 0.5 hapo. Angalia namba za kurasa, sura zinavyoanza, mgongo kama uko katikati. Halafu kaa uisome yote na kalamu nyekundu, neno kwa neno, na ukishasahihisha agiza prufu nyingine kabla hujabonyeza kuchapisha.