Mahafali ya darasa la saba: kuwapanga wanafunzi wanaohudumu

Usigawe kazi asubuhi ya mahafali. Mimi hugawa wiki moja kabla, kila mtoto kwa jina lake. Ukisema "wengine mtasaidia", hasaidii mtu.

Skauti wakae getini. Wasalimie, kisha wampeleke mgeni mpaka kwenye kiti chake, si kumwonyesha kwa kidole.

Kunawisha mikono ni kazi ya wawili: mmoja ashike jagi la maji ya vuguvugu, mwenzake beseni, taulo begani. Mwaka juzi nilimwachia binti mmoja vyote viwili, suruali ya mgeni rasmi ikalowa chepechepe. Kosa langu, wala si lake.

Wanakwaya usiwapeleke jikoni, watachelewa kuimba. Na wahudumu watengee pilau yao mapema, sufuria ingali imejaa.