Ukitoka Dodoma kwenda Dar ukae kulia au kushoto? Angalia mwezi kwanza

Jamani kabla hujalipia tiketi naomba usome hii, mana wengi wetu tunakazania siti ya dirishani tu, dirishani dirishani, alafu hatujiulizi hilo dirisha linatazama wapi. Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa namrudisha mama Dodoma, alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho, tukapanda treni ya mchana nikamchagulia dirishani upande wa kulia nikijua nimemfanyia la maana. Treni imetoka Dar vizuri, kufika maeneo ya Ruvu jua hilo likaingia dirishani likamkaa usoni, na halikutoka, nikawa namkinga na mtandio mkono unauma mpaka tulivyopita Kilosa. Na upande wa pili watu wamekaa kivulini wanapiga stori. Iliniuma sana, na tangu siku hiyo sikati tiketi ya mtu yeyote bila kupiga hii hesabu.

Cha kwanza, jua njia inaelekea wapi. Ukitoka Dodoma kwenda Dar uso wa treni unatazama mashariki, kwaiyo mkono wa kushoto ni kaskazini na wa kulia ni kusini. Kurudi Dodoma inageuka, kulia ndio kaskazini. Na hapa naongelea kulia na kushoto kwa treni, sio kwako wewe, sababu ukikaa siti inayotazama nyuma mkono wako wa kulia uko kushoto kwa treni. Mabaharia walishamaliza hili tatizo zamani, pande za meli zinahesabiwa ukiwa umetazama omo, yaani mbele ya chombo, hata wewe ukigeuka meli haigeuki. Fanya hivohivo.

Cha pili ndio watu hawakijui, jua letu linahama. Sisi huku tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, sio mbali, kwaiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linapita utosini kabisa. Kuanzia hapo Machi mpaka Oktoba linakuwa limelalia kaskazini, na mwezi wa sita ndio limelala zaidi, kipindi kile Dodoma baridi na upepo wa kukausha midomo. Kuanzia Oktoba mpaka Machi linahamia kusini, ila halilali sana, kwaiyo la mchana wa Desemba linakuwa juu ya paa na dirishani linaingia kidogo, shida yake ni asubuhi na jioni.

Sasa unganisha. Mwezi wa tano mpaka wa nane unaenda Dar, jua liko kushoto, kaa kulia. Unarudi Dodoma miezi hiyohiyo, jua liko kulia, kaa kushoto (hapa ndio nilipokosea na mama). Mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili ni kinyume chake, kwenda kaa kushoto, kurudi kaa kulia. Hasa hiyo ya kurudi jioni mwezi wa kumi na mbili usiifanyie mchezo, sababu baada ya Kilosa reli haiendi magharibi moja kwa moja, inapanda kaskazini magharibi kwenye Kidete na Gulwe, na jua la Desemba linazama kusini kidogo mwa magharibi, linakupiga kwa ubavu wa kushoto mpaka Dodoma. Machi na Oktoba chagua unapopenda. Na kama ni treni ya usiku sahau yote haya, lala.

Ila kuna wanaopanda kwa ajili ya kuangalia nchi, na mimi ni mmoja wao. Tangu SGR, hii reli mpya ya kisasa, ianze kufika Dodoma Julai 2024 nimeona watu wanapita sehemu nzuri kabisa wameinamia simu, roho inaniuma. Kutoka Dodoma unaanza na mibuyu yetu ya Ugogo, hiyo iko pande zote. Kufika Gulwe milima ya Mpwapwa iko kushoto. Kisha kati ya Kidete na Kilosa ndio penyewe, reli inaingia kwenye bonde la mto Mkondoa, milima ya Ukaguru iko kushoto, ya Rubeho kulia, mahandaki yako huku, unaingia gizani unatoka unakuta bonde limebadilika, hapo kwa kweli hakuna upande mbaya. Upande unakuja kujali tena Morogoro, milima ya Uluguru iko kusini mwa mji kwaiyo kwenda Dar ni kulia, kurudi ni kushoto. Ukiangalia vizuri utaona wakati wa kipupwe kivuli na Uluguru viko upande mmoja, raha tupu, usiulize mara mbili. Desemba ndio inabidi uchague kimoja. Mimi nikiwa peke yangu nachagua milima, nikiwa na mtoto au mgonjwa nachagua kivuli.

Wa mabasi ya Nanenane, stendi yetu ya Dodoma, hesabu ya jua ni ileile mana barabara nayo inaenda mashariki, milima ya Ukaguru utaiona kulia ukishapita Gairo, ya Nguru iko kushoto ukikaribia Dumila. Tofauti ni kwamba sisi tunaendesha kushoto, kwaiyo kulia unatazamana na malori yanayokuja, usiku taa zao zote machoni, na kama una roho nyepesi zile ovateki za Gairo hutasinzia. Kushoto uko upande wa pembeni ya barabara, ukitaka kununua kitu kwa wachuuzi Kibaigwa au Dumila ni rahisi zaidi. Alafu epuka siti ya juu ya tairi, kulia au kushoto ni mateso, miguu haina pa kukaa.

Na kama safari inaendelea Zanzibar, boti inatoka Dar inatazama kaskazini, kwaiyo kulia ni mashariki. Ya asubuhi jua liko kulia, ya alasiri liko kushoto. Upepo nao, iwe kusi iwe kaskazi, mara nyingi unatokea huohuo upande wa mashariki, kwaiyo ukikaa nje upande wa kulia jiandae kurushiwa maji. Kurudi ni kushoto. Lakini nikuambie ukweli, kama unatapikaga baharini upande sio dawa. Kaa katikati ya chombo, chini, sio mbele, mana omo ndio inarukaruka na juu ndio kunayumba, katikati kumetulia. Hata wale wa meli za kulala, kama unachukua kebini Mwanza kwenda Bukoba, omba ya katikati iliyo mbali na injini kwanza, upande ufikirie mwisho, usiku kucha dirisha halina cha kuonyesha.

Ukishajua upande wako sema mapema wakati unakata tiketi, mwambie mkataji "nataka kulia nikitazama mbele", kwa maneno hayohayo, na umuulize siti zinatazama wapi. Tiketi ya kurudi usimwachie akupe namba ileile ya kwendea. Mama keshapona, mwezi wa sita tunaenda tena kliniki Dar, nimeshamwambia atakaa kulia aione Uluguru kwa macho yake yote mawili.