Mguu upi? Kumweleza daktari kwa Kiingereza unachoumwa

Mama alipokuja kunitembelea hapa Leicester, Uingereza, kutoka Tanga, alilalamika mguu. Nikamwambia daktari, "Her leg hurts." Akambonyeza goti, akambonyeza paja, kumbe maumivu yako kisiginoni. Tangu siku ile, ndugu akiniomba nimsindikize kwa daktari, namwambia kwanza: nionyeshe kwa kidole.

Mguu wetu unaanzia nyongani hadi vidoleni. Waingereza wanaukata: "leg" inaishia kwenye kifundo, chini ya hapo ni "foot". Mkono nao ni hivyo hivyo: "arm", halafu "hand".

Ukishapataja mahali, sema yanaumaje, maana hapo ndipo daktari anapopata la kushika. Jino linalopwita ni "throbbing". Tumbo likinyonga, "I've got stomach cramps". Kichomi cha ubavuni, kama kisu, ni "a stabbing pain in my side". Kiungulia ni "heartburn", ingawa moyo haumo kabisa. Mguu ukifa ganzi ni "numb". Ukianza kuchomachoma kama sindano, "pins and needles".

Yapo maneno yanayopotosha. Ukisema "I feel sick" huku Uingereza, wanaelewa una kichefuchefu na wanakuletea chombo cha kutapikia. Kama hujisikii vizuri tu, sema "I don't feel well." Mafua ni "a cold", si "flu", ambayo ni influenza ya kulaza mtu kitandani. Na angalia: "I've got a cold" ni mafua, "I'm cold" ni kusikia baridi. Presha usiiite "pressure" peke yake. Ni "high blood pressure". Kizunguzungu, ambacho sisi tunakisikia, kwao ni "I feel dizzy."

Homa watu wa hapa huiita "a temperature". Pima kabla hujapiga simu 111, namba ya ushauri wa afya ya hapa, kisha taja namba yenyewe: "It's 38.5." Sema na siku: "for three days".

Na hili nakuomba usilisahau. Kama ulikuwa nyumbani miezi ya karibuni, anza nalo hata kama hujaulizwa: "I've got a temperature and I came back from Tanzania last month." Sisi homa ikipanda tu tunawaza malaria. Daktari wa huku anaweza asiiwaze mpaka umwambie umetoka wapi.