Somo: Mkopo wa kumalizia pagale la kupangisha, na namna ya kuuhamishia benki nyingine

Somo hili ni la mwenye kiwanja Dar es Salaam au mji mwingine wa Tanzania, kuta zimesimama, pengine bati liko juu, na hela imekata. Anayetaka kukopa anunue nyumba iliyokwisha ili aipangishe, asome hesabu hii kwanza, kwa sababu wengi huifanya wakiwa wameshasaini.

Tuchukue nyumba yenye uniti nne za chumba na sebule, choo na jiko ndani, kila moja sh 250,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 12 kwenye karatasi. Toa mwezi mmoja wa kukaa wazi kwa kila uniti, inabaki milioni 11. Toa kodi ya zuio (kodi ya mapato inayokatwa kwenye pango) asilimia 10, milioni 1.1. Toa matengenezo, asilimia 8 ya ile milioni 12, yaani 960,000. Toa taa za nje, usafi na kuvuta maji taka, 40,000 kwa mwezi. Toa kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU na kodi ya pango la ardhi, tuseme 68,000 kwa mwaka. Kinachobaki ni kama sh 8,390,000, yaani laki saba kwa mwezi. Hiyo laki saba ndiyo kodi halisi ya pango inayobaki kwako. Ile milioni moja unayowatajia watu ni ya wapangaji bado.

Sasa riba. Mikopo ya nyumba nchini imezoea kukaa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Kwa asilimia 17 inayopungua (riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu), miaka 10, kila milioni uliyokopa inadai rejesho la sh 17,380 kwa mwezi. Nyumba hiyo ikiuzwa milioni 120 nawe ukakopa asilimia 70, yaani milioni 84, rejesho ni sh 1,460,000. Laki saba haifiki hata nusu yake. Ukirefusha hadi miaka 20 linashuka hadi 1,232,000 tu. Tofauti itatoka kwenye mshahara wako, kila mwezi, mpaka watoto wamalize chuo.

Ndiyo maana mkopo wa kumalizia una akili kuliko mkopo wa kununua: kiwanja na kuta umeshavilipia, na deni linabeba sehemu ndogo tu ya nyumba itakayoleta kodi yote.

Hatua ya 1: Jua kiasi nyumba inachoweza kubeba

Gawanya kodi halisi kwa 1.25. Laki saba inakuwa 560,000. Gawanya tena kwa 17,380, lile rejesho la kila milioni, unapata milioni 32. Hicho ndicho kikomo, hata kama afisa mikopo anakuambia unastahili milioni 50. Yeye anapima mshahara wako, si nyumba. Ile robo ya ziada ni ya mwezi ambao wawili wamehama kwa pamoja na pampu imeungua.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa ndipo mikopo mingi inapofia. Mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa hauwekwi rehani kwenye benki ya mikopo ya nyumba. Inatakiwa hati miliki kwa jina lako. Leseni ya makazi hupokewa na baadhi ya wakopeshaji, kwa mikopo midogo ya muda mfupi, na muda mfupi haumfai mjenzi wa nyumba ya kupangisha. Kama eneo lako lipo kwenye urasimishaji, maliza hati kwanza ndipo uguse benki.

Ukiwa na hati, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kabla benki haijafanya. Mambo yanayoibuka: rehani ya zamani iliyolipwa lakini haikufutwa, zuio la ndugu, jina la marehemu baba, kodi ya ardhi ya miaka kadhaa haijalipwa. Yote yanarekebishika, ila huchukua miezi, na barua ya benki ya kukubali mkopo ina tarehe ya mwisho.

Ongeza kibali cha ujenzi, michoro, makisio ya gharama (BOQ) yenye saini ya mkadiriaji majenzi, taarifa ya benki ya miezi 6 hadi 12, TIN, na ridhaa ya mwenzi. Chukua pia taarifa yako ya mikopo kwenye taasisi ya taarifa za mikopo iliyopewa leseni na Benki Kuu. Mkopo wa simu wa elfu thelathini uliousahau unaonekana humo kama deni chechefu, yaani deni lisilolipwa.

Hatua ya 3: Uthamini

Mthamini aliyesajiliwa, kutoka orodha ya benki, ataandika thamani mbili: ya soko na ya kuuza kwa haraka. Macho ya benki yako kwenye hiyo ya pili. Pagale huthaminiwa lilivyo leo, si litakavyokuwa. Dawa yake: tumia akiba yako kuezeka na kuweka grili kabla ya mthamini kuja, halafu mkopo ufanye yaliyobaki. Nyumba yenye bati inathaminiwa kama nyumba. Isiyo na bati ni kuta.

Hatua ya 4: Kupokea kwa awamu na kujenga

Benki makini haitoi milioni 32 kwa mpigo. Hutoa kwa awamu, na kila awamu inasubiri mkaguzi aone iliyotangulia. Maana yake fundi na duka la vifaa lazima wavumilie wiki moja au mbili kati ya awamu, kwa hiyo weka kando fedha ya kuziba hapo. Weka pia asilimia 15 juu ya makisio. Kinachovimba mara zote ni kile kile: madirisha ya alumini, vigae, mabomba, na karo la maji taka. Familia nne kwenye karo lililochimbwa kwa familia moja linajaa kabla mwaka haujaisha, na gari la kuvuta maji taka halishuki bei kwa sababu una mkopo.

Kila uniti ipate mita yake ya LUKU. Mita moja kwa wapangaji wanne ni ugomvi wa kila wiki, na mpangaji mzuri ndiye anayehama wa kwanza.

Omba muda wa kusubiri wa miezi 3 hadi 6 kabla rejesho halijaanza. Riba inaendelea kuhesabiwa, elewa hivyo, lakini ni nafuu kuliko kuanza kulipa nyumba ikiwa haina milango.

Hatua ya 5: Kodi ya miezi sita, rejesho la kila mwezi

Dar tunapokea kodi kwa miezi sita au mwaka. Benki inataka kila mwezi. Mwenye nyumba anapokea milioni na nusu mkononi, ananunua tofali za mradi mwingine, na mwezi wa nne hana rejesho. Fungua akaunti ya kodi peke yake, mpangaji alipie benki humo humo, na uagize benki ikate rejesho tarehe moja kila mwezi. Panga pia mikataba ya uniti nne isiishe mwezi mmoja.

Akaunti hiyo ina kazi ya pili: miezi 12 ya kodi inayosomeka ndiyo silaha yako kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Kuhamisha mkopo

Benki nyingine inanunua deni lako, unabaki na nyumba ile ile na rejesho jipya. (Watu huchanganya hili na TMRC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2010. Ile huzikopesha benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba. Haimkopeshi mwananchi, usipoteze nauli.)

Ule mkopo wa milioni 32, baada ya miaka mitatu umelipa milioni 20, na deni limebaki milioni 27.2. Si kosa la hesabu. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho ni riba, na ndiyo sababu kuhama mapema kuna faida kuliko kuhama mwishoni.

Benki mpya inatoa asilimia 14 kwa miaka 7 iliyobaki. Rejesho linatoka 556,000 kwenda kama 510,000. Unaokoa 46,200 kwa mwezi, jumla milioni 3.88. Gharama za kuhama, tuseme: adhabu ya kumaliza mapema asilimia 2, sh 544,000, ada ya mkopo mpya asilimia 1 pamoja na VAT, 321,000, uthamini 400,000, wakili, kufuta rehani na kusajili mpya 450,000. Jumla 1,715,000, inarudi baada ya miezi 37. Inalipa.

Ikiwa ofa ni asilimia 16, unaokoa 15,600 kwa mwezi, milioni 1.31 mpaka mwisho. Umetumia 1.7 kuokoa 1.3. Kaa ulipo, ila ile ofa chukua kwa maandishi uipeleke benki yako. Mara nyingi hupunguza nusu ya tofauti bila wewe kuhama.

Mtego mkubwa ni muda. Benki mpya itakuambia rejesho linashuka hadi 422,000, na ni kweli, kwa sababu imerudisha miaka kuwa 10. Jumla utalipa milioni 50.7. Ungebaki kwenye asilimia 17 ungelipa 46.7. Riba imeshuka na deni limepanda!

Utaratibu wenyewe: omba barua ya salio la kumaliza mkopo, yenye tarehe, benki mpya ilipe moja kwa moja, benki ya zamani ifute rehani na kukabidhi hati kwa wakili wa benki mpya kwa makubaliano yaliyoandikwa. Usikubali wiki ambazo deni la kwanza halijafungwa na la pili limeanza kuhesabu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kampuni moja ya mikopo hapa mtaani inanipa milioni 10 kwa asilimia 18 kwa mwaka, benki inasema 19. Si bora kampuni?

Uliza kama 18 ni bapa au inapungua. Bapa kwa mwaka mmoja utalipa 983,000 kila mwezi, na unalipia riba hata ile fedha uliyokwisha kurudisha. Kwa kipimo cha benki hiyo ni kama asilimia 32.

Nyumba ni ya kupangisha, hatuishi humo. Kwa nini mke wangu asaini?

Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya ndoa. Benki huitaka hata kwa ya kupangisha, kwa sababu mahakama imejaa kesi za mwenzi anayesema hakujua. Mshirikishe mapema, ndugu. Kumleta siku ya kusaini akiwa hajui kiasi cha deni ni kuharibu mkopo na ndoa kwa pamoja.

Mimi ni Mtanzania, niko Muscat. Kaka yangu anaweza kusaini rehani badala yangu?

Anaweza, kwa hati ya uwakili inayotaja wazi kuweka rehani, namba ya hati ya kiwanja, na kikomo cha kiasi. Isainiwe mbele ya ofisa anayetambulika, halafu isajiliwe kwa Msajili wa Hati huku. Uwakili wa "kusimamia mali zangu zote" benki nyingi hurudisha. Fedha za awamu ziingie akaunti yako, si ya kaka.

Mpangaji wangu ni kampuni, ananilipa asilimia 90 ya kodi. Benki inanihesabia hiyo 90.

Hiyo 10 ni kodi ya zuio anayopeleka TRA. Mdai cheti cha zuio kila anapokata, upeleke benki pamoja na mkataba wa pango. Hapo kodi kamili inasomeka, na hakuna atakayekukata mara mbili.

Nimechelewa marejesho mawili, dada wa benki anasema nyumba inauzwa wiki ijayo.

Kwa rehani iliyosajiliwa sheria inadai notisi ya maandishi yenye siku 60 za kurekebisha kabla hatua nyingine haijafuata. Tazama kama umepewa, na tarehe yake. Kisha usizitumie siku hizo kukimbia simu: peleka ombi la kupangiwa upya, ambatisha taarifa ya akaunti ya kodi na mikataba ya wapangaji, lipa hata nusu ya rejesho siku hiyo hiyo na ubaki na risiti.